Vita ya Ukraine kama wanavyoisimulia wanawake ninaofanya nao kazi Warsaw

Kila nikitoka kazini na kufungua simu, nakuta vijana wa nyumbani wanabishana juu ya vita ya Ukraine. Mmoja anashangilia mji uliotekwa, mwingine anaweka picha ya kifaru kinachoteketea na kuandika maneno ya kucheka. Nimekaa kimya muda mrefu. Leo naandika kwa sababu wenye vita hiyo nashinda nao meza moja, nawasikia wakisimulia tukimenya viazi, na yale wanayosema siyaoni katika mabishano yetu ya Kiswahili.

Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, mkoani Kigoma. Nilikuja Poland kusoma, nikamaliza, nikabaki. Nafanya kazi katika jiko kubwa hapa Warsaw linalopika chakula cha mchana cha shule. Tangu mwaka 2022 wenzangu wengi jikoni ni Waukraine. Mmoja alikuwa mwalimu wa hesabu, mwingine mhasibu bandarini, mwingine alikuwa na duka lake la viatu. Tunaongea Kipolandi, na wao wamekipata haraka kuliko nilivyokipata mimi. Majina yao siyaandiki. Wapo wenye ndugu katika maeneo yanayoshikiliwa na jeshi la Urusi, na huko neno la ndugu aliye nje linaweza kumfanya mtu aitwe kuhojiwa. Nitawaita kwa miji waliyotoka.

Nianze na simu zao. Kila mmoja ana programu ya king'ora, ileile inayotumiwa Ukraine kutangaza hatari ya angani. Mtu huchagua mkoa wake, na mkoa huo ukitishiwa, simu inalia hata ukiwa umezima sauti. Hapa Warsaw kombora halijawafuata, lakini hakuna aliyeifuta. Nimemwona mama wa Kharkiv mikono yote miwili imezama kwenye unga, simu inaanza kulia mfukoni mwa aproni. Anafuta mkono mmoja, anaandika neno moja kwa dada yake, anaiweka simu juu ya meza na kuitazama. Sisi wengine tunaendelea na kazi ila hakuna anayeongea. Dada akishajibu, mkono unarudi kwenye unga. Mambo haya hutokea asubuhi, mchana, na siku mbaya mara kadhaa kabla hatujapakua.

Huyu mama alikuwa anakaa Saltivka, mtaa mkubwa wa maghorofa ulioko upande wa Kharkiv unaoelekea Urusi. Kharkiv ni mji wa pili kwa ukubwa nchini Ukraine, na mpaka uko kilomita 30 hivi tu. Alfajiri ya Alhamisi, Februari 24, 2022, kama saa kumi na moja, vioo vya nyumba vikaanza kutetemeka. Ukimuuliza asubuhi ile anakuelezea foleni: foleni ya benki, foleni ya petroli, foleni ya duka la dawa, zote kabla jua halijapanda. Mama mkwe wake ni mgonjwa wa presha, kwa hiyo yeye alichagua foleni ya dawa na kusimama humo huku mizinga inasikika mwisho wa barabara.

Baada ya siku chache wakashuka kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi, na huko wakaishi kwa wiki nyingi. Watu walitandika magodoro jukwaani na ndani ya mabehewa yaliyoegeshwa. Wazee waliachiwa mabehewa kwa kuwa viti vina mto. Waligawana zamu za kusafisha choo, zamu za kupokea chakula kilicholetwa na wanaojitolea, na kuna mwanamke aliyekusanya watoto akawa anawafundisha kuchora. Mchana, wenye moyo walipanda juu, wakakimbia nyumbani kuoga na kupika chochote, wakarudi mbio. Treni zilianza tena kutembea mwishoni mwa Mei 2022, ikabidi waliobaki watafute pa kwenda. Yeye alikuwa ameshapanda treni ya kuja huku na mwanawe, begi moja, na paka.

Jambo ambalo sikulielewa mpaka aliponieleza ni kwa nini dada yake, aliyebaki, hakimbilii handaki kila king'ora kinapolia. Makombora yanayorushwa kutoka upande wa Belgorod, mji wa Urusi ng'ambo ya mpaka, hufika Kharkiv ndani ya muda unaopungua dakika moja. Mara nyingi mlipuko unatangulia, king'ora kinafuata. Kwa hiyo wanaishi kwa kanuni ya kuta mbili: ukae mahali ambapo kati yako na nje pana kuta mbili, wa kwanza upokee mlipuko na wa pili uzuie vioo na vipande. Katika nyumba nyingi za ghorofa mahali hapo ni koridoni au bafuni. Dada yake amehamishia vitanda vya watoto koridoni, pamoja na taa na rafu ya vitabu. Wageni wakija wanaviruka kwenda jikoni.

Na shule nazo zimeshuka chini. Septemba 2023 mji ule ulifungua madarasa ndani ya stesheni, na mwaka 2024 ukafungua shule ya kwanza iliyojengwa yote chini ya ardhi. Mpwa wake anasoma huko kwa zamu. Alimtumia shangazi yake picha ya darasa: madawati mapya, kuta zimepakwa rangi za kupendeza, ramani, saa ya ukutani, na hakuna dirisha hata moja. Mama huyu aliwahi kuwa mwalimu. Aliitazama picha ile muda mrefu akaniambia hewa ya darasa la namna hiyo huwa nzito kufikia kipindi cha tatu, na mwalimu mzuri atawasimamisha watoto wanyooshe viungo.

Dada wa Mariupol yeye hasimulii kwa mpangilio. Huanza katikati, ananyamaza, halafu siku nyingine tukiwa tunakata karoti anaendelea palepale alipoachia. Jambo moja hurudia kila mtu anaposema vita ilianza 2022. Anasimamisha kisu na kusema kwao ilianza 2014, Urusi ilipoitwaa rasi ya Crimea na mapigano yakalipuka Donbas, mashariki mwa nchi. Januari 2015 maroketi yaliangukia mtaa wa mashariki wa mji wao na kuua watu wapatao 30, na dunia ikasahau baada ya wiki moja.

Mariupol ni bandari kwenye Bahari ya Azov, mji wa viwanda vya chuma uliokuwa na watu zaidi ya 400,000. Mwanzoni mwa Machi 2022 jeshi la Urusi liliuzingira. Ukakatika umeme, yakakatika maji, ukafuata upashaji joto wa nyumba, mwisho gesi. Nje ilikuwa baridi ya chini ya sifuri. Watu wa ghorofa moja walitoka uani, wakapanga matofali, wakapika kwa mbao za viti na milango. Anasema walipika wawili wawili, mmoja anakoroga na mwingine anasikiliza angani. Theluji ilipoanguka walishukuru na kutoa ndoo nje. Iliposhindikana walifungua mabomba ya kupashia nyumba joto na kukinga maji yaliyobaki humo, mekundu kwa kutu, wakayachuja kwa shuka. Aliniambia hivi kwa sauti ya kawaida kabisa, nami nikiwa nimefungua bomba la sinki na maji yanamwagika tu. Nililifunga.

Machi 9 ikapigwa hospitali ya wazazi. Machi 16 likapigwa jumba la maigizo la katikati ya mji, ambamo mamia ya watu walikuwa wamejificha. Mbele na nyuma ya jumba hilo watu walikuwa wameandika chini kwa herufi kubwa, tena kwa Kirusi, kwamba ndani mna watoto. Maandishi yale yalisomeka kwenye picha za setilaiti. Shirika la habari la Associated Press, baada ya kuhoji manusura, lilikadiria waliofia humo kuwa karibu 600. Yeye hakuwa humo. Alikuwa amepanga kwenda, maana ilisemekana kuna jiko na chakula cha moto, lakini mama yake alikuwa hawezi tena kutembea.

Mama yake alifariki mwezi huohuo, na si kwa bomu. Moyo ulikuwa mgonjwa, baridi ilikuwa kali, na dawa zilikwisha. Makaburini hapakufikika, wakamzika uani karibu na bembea za watoto. Jirani alitengeneza msalaba kwa mbao za kitanda, akaandika jina na tarehe kwa kalamu ya wino mzito na kuufunika kwa mfuko wa plastiki mvua isije ikafuta. Baadaye watawala wapya walibomoa jengo lile pamoja na mengine mengi. Dada huyu hajui mama yake amehamishiwa kaburi gani. Ana nambari za simu za watu wawili waliobaki, na anaogopa kuwauliza kwa ajili ya usalama wao.

Alitoka kwa gari la jirani, watu saba ndani ya gari dogo, vitambaa vyeupe vimefungwa kwenye vioo na neno la watoto limebandikwa mbele. Walielekea Zaporizhzhia, safari ambayo zamani ilikuwa ya saa tatu au nne. Iliwachukua siku mbili. Kila kizuizi askari walikagua simu, wakasoma ujumbe, wakatazama picha. Wanaume walivuliwa mashati kwenye baridi ile ili watazamwe michoro ya mwilini na alama za mkanda wa bunduki begani. Yeye alikuwa amefuta picha zote za mji wake unaowaka, na pamoja nazo zikaenda picha za mwisho za mama yake, kwa sababu hakuwa na muda wa kuchagua. Zaporizhzhia aliwekewa chai na mkate. Alikula mkate wote uliokuwa kwenye sahani ya watu wengi. Mpaka leo akisimulia hapo huomba radhi, na sisi humwambia kila mara kwamba hana deni na mtu.

Bibi wa Kherson ndiye mkubwa wetu jikoni, na ndiye anayenifundisha zaidi, maana yeye aliishi chini ya wavamizi. Watu wengi hudhani jeshi likishauchukua mji basi vita imekwisha na maisha yanaendelea. Kherson ilichukuliwa mwanzoni mwa Machi 2022 bila kubomolewa kama Mariupol. Wiki za kwanza maelfu walijaa uwanjani na bendera, bibi akiwemo. Askari walifyatua risasi hewani, siku nyingine gesi ya machozi. Halafu waandamanaji wakaanza kufuatwa majumbani, mmoja mmoja, na uwanja ukabaki mtupu. Ikaja rubli ya Urusi badala ya fedha yao, zikaja laini za simu za Kirusi, vikaja vitabu vipya vya shule. Mtoto wa jirani yake alichukuliwa, akarudishwa baada ya wiki kadhaa, na tangu hapo hakuwahi kusema alikuwa wapi wala kukaa chumba kilichofungwa mlango. Jeshi la Ukraine lilipoingia, Novemba 11, 2022, wachunguzi walikuta vyumba vya mateso chini ya majengo ya mji. Bibi anasema siku hiyo aliwakumbatia askari wengi kuliko ndugu aliowahi kuwakumbatia maishani.

Warusi walivuka mto Dnipro, wakakaa ng'ambo, na kutoka huko wakaendelea kuupiga mji. Juni 6, 2023 bwawa la Kakhovka likabomolewa, maji yakafunika vijiji na mitaa ya chini. Kisha zikaja droni ndogo zenye kamera, zinazoendeshwa na mtu aliyekaa ng'ambo akimwona anayemfukuza: mwenye baiskeli, basi la abiria, mama aliyetoka dukani. Siku hizi baadhi ya barabara za Kherson zimefunikwa kwa nyavu juu, nyingine ni nyavu kuukuu za wavuvi zilizotolewa Ulaya, ili droni zinase. Bibi ana dada yake mkubwa huko, amekataa kabisa kuondoka. Ana kuku, ana makaburi ya watu wake, na anasema kama ni kufa atafia kwenye kitanda anachokijua.

Bibi huyuhuyu hatupi mkate. Jiko letu linabaki na vipande vingi, na sheria inatutaka tuvimwage. Yeye hukusanya vile ambavyo havijafika mezani, anavikausha kwenye oveni, anaviweka kwenye mfuko wa kitambaa. Bibi yake mzaa mama alinusurika njaa ya 1932 na 1933, Waukraine wanaiita Holodomor, pale serikali ya Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti, ilipowanyang'anya wakulima nafaka na mamilioni wakafa katika nchi yenye udongo mweusi unaootesha kila kitu. Kila mwaka, Jumamosi ya nne ya Novemba, wanawasha mshumaa dirishani. Niliwahi kumwuliza kama anadhani mambo hayo mawili yanahusiana. Alinitazama kama vile nimemwuliza kama baba na mwana wanahusiana.

Mama wa Kharkiv ndiye aliyenisimulia habari za mwandishi Volodymyr Vakulenko, kwa kuwa alikuwa wa mkoa wao na alikuwa akiwaandikia watoto. Kijiji chake, Kapytolivka, karibu na mji wa Izium, kilitekwa mwanzoni mwa vita. Akaanza kuandika aliyoyaona, na alipohisi atakamatwa aliyazika maandishi yale chini ya mti wa cheri bustanini. Alikamatwa Machi 2022. Mji ulipokombolewa mwezi Septemba, mwandishi mwenzake Victoria Amelina alikwenda kijijini, na akishirikiana na baba mzazi wa Vakulenko alichimba mpaka akayapata. Mwili wa Vakulenko ulitambuliwa miongoni mwa waliozikwa msituni Izium. Amelina mwenyewe, aliyekuwa ameacha kuandika riwaya ili akusanye ushahidi wa uhalifu wa kivita, alijeruhiwa kombora lilipopiga mkahawa mjini Kramatorsk Juni 27, 2023, akafariki Julai 1, akiwa na miaka 37. Nawaandika hapa kwa majina ili anayesoma akumbuke kwamba haya tunayoyajua kuna watu waliyalipia.

Sasa waume. Tangu uvamizi uanze, wanaume wa miaka 18 hadi 60 hawaruhusiwi kutoka nchini isipokuwa kwa sababu maalumu. Agosti 2025 serikali yao ililegeza kidogo, wa miaka 18 hadi 22 wakaruhusiwa. Ndiyo maana jikoni kwetu tuko wanawake, na ndiyo maana wapo akina mama waliowavusha watoto wa kiume kabla hawajatimiza 18, na wanalibeba hilo kimyakimya mbele ya wenzao ambao wana wao wako jeshini. Mume wa mama wa Kharkiv alikuwa fundi wa lifti. Sasa ni askari. Hawaandikiani barua ndefu. Asubuhi simu yake hupokea alama moja tu, ile ya kujumlisha: +. Maana yake nipo hai. Wanajeshi wengi wa Ukraine hutuma hivyo, kwani huko mtandao ni wa kuibia na muda ni mchache. Amenionyesha mazungumzo yao ya mwezi mzima, ukurasa mzima ni alama hizo zimeshuka kama ngazi, na katikati pana siku nne tupu. Sikumwuliza siku hizo alizipitishaje. Nilikuwa naye jikoni, nilimwona.

Na michango, jamani. Sisi wa makundi ya WhatsApp ya michango ya harusi na misiba tungewaelewa mara moja. Kila wiki kuna mchango: gari kuukuu la kubebea majeruhi, droni, mikanda ya kufungia jeraha lisivuje damu, jenereta ya shule. Wanafungua akaunti ya pamoja kwenye simu, kiungo kinasambazwa, na kila mtu anaona kiasi kinavyopanda. Siku ya mshahara bibi wa Kherson hutuma kwanza huko, kisha ndiyo analipa kodi ya chumba.

Najua kuna msomaji anayesubiri nifike kwa Waafrika mpakani. Ninafika. Vita ilipoanza, Ukraine ilikuwa na wanafunzi wengi kutoka Afrika, hasa wa udaktari, na Kharkiv ilikuwa mmoja wa miji yao mikubwa. Kijana wa kwetu aliyetoka huko alilala sebuleni kwangu. Alisukumwa asipande treni, akaambiwa wanawake na watoto kwanza, halafu akaona wanaume wasio weusi wanapanda. Mpakani alisimama usiku kucha kwenye theluji katika foleni ya watu wa rangi yake. Umoja wa Afrika ulitoa tamko Februari 28, 2022 kulaani ubaguzi huo. Ni kweli ulitokea, na anayesema ni propaganda ya Warusi anamkana kijana ambaye vidole vyake vya miguu nilivikanda mimi kwa maji ya uvuguvugu.

Na kuna la pili, linalonichoma zaidi kwa kuwa nimekulia Kasulu. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko wilayani kwetu. Ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na wapo waliozaliwa humo wakazaa humo. Mkimbizi wa Nyarugusu hatoki kambini bila kibali. Waukraine, Machi 4, 2022, siku ya tisa ya uvamizi, walifunguliwa na Umoja wa Ulaya sheria ya ulinzi wa muda iliyotungwa 2001 na ambayo haikuwa imewahi kutumika hata mara moja: ruhusa ya kufanya kazi, shule, matibabu, kuhama mji. Haikutumika kwa Wasyria wala kwa Waafghanistan. Nina hasira na hilo na sitaificha. Lakini hasira hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni aliyeamua sheria itumike kwa nani. Mama aliyekuja na paka kwenye begi hakuamua. Nilipowasimulia habari za Nyarugusu walitaka kujua yote, watoto wanasoma wapi, mvua ikinyesha inakuwaje, na bibi akauliza kama wana bustani. Nikasema baadhi wana vijishamba vidogo. Akasema vema, mtu mwenye bustani hawehuki upesi.

Ninachokikataa ni hoja ya kwamba kwa kuwa nchi za Magharibi zimetutenda vibaya, basi aliyevamiwa na adui wa Magharibi hana haki ya kulia. Aliyekuwa balozi wa Kenya Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alilisema hili vizuri Februari 21, 2022, siku chache tu kabla ya uvamizi. Alikumbusha kwamba mipaka yetu ilichorwa na wakoloni wakiwa London, Paris na Lisbon, ikatenganisha ndugu na ndugu, na kwamba tungeamua kuifuata damu na lugha tungekuwa bado tunapigana hadi leo. Wamasai wako Kenya na Tanzania, Waha na Warundi wanasikilizana ng'ambo na ng'ambo ya mpaka wa Kigoma, na hakuna anayepeleka vifaru. Wanaosema Urusi ilikwenda kuwalinda wanaoongea Kirusi waje jikoni kwetu. Dada wa Mariupol na mama wa Kharkiv wamelelewa kwa Kirusi, walibembelezwa kwa Kirusi. Miji iliyobomolewa zaidi ni hiyo ya watu kama wao. Sasa wanajilazimisha kuongea Kiukraine wao kwa wao, wakikosea, wakirekebishana, na dada wa Mariupol bado akijikata kidole hupiga kelele kwa Kirusi kisha anakasirika.

Hapa Poland mambo si kama mwaka ule wa kwanza, watu walipokuwa wanawasubiri wakimbizi stesheni ya Przemyśl, mji wa mpakani, wakiwa na supu na vigari vya kusukumia watoto. Watu wamechoka, siasa zimeingia, na kwenye basi wengine hushusha sauti wakiongea lugha yao. Ulinzi wa muda umeongezwa hadi Machi 2027. Baada ya hapo kila mmoja anapiga hesabu zake, na hesabu ya dada wa Mariupol haina pa kurudi.

Jumapili iliyopita mtoto wa mjomba wangu alinipigia kwa video kutoka Kigoma mjini. Yeye ni katika wale wanaoshangilia. Wanawake hawa walikuwa kwangu, tumepika wali wa nazi na supu yao ya borshch pamoja. Akauliza, si kwa ubaya, "Dada, hebu waulize, kwa nini wasikubali tu yaishe?" Nikatafsiri. Nilitegemea mama wa Kharkiv ajibu, akajibu bibi wa Kherson. Alisema, "Mwambie mimi nilikuwa mahali ambapo yaliisha. Jeshi lao lilikuwa limeshashinda, hatukuwa na bunduki, maduka yalikuwa wazi. Ndipo walipoanza kuchukua watu. Mwambie na Bucha, mji wa karibu na Kyiv walikouawa raia, walikuwa wameshaingia. Na Yahidne, kijiji kizima waliwafungia chini ya shule karibu mwezi, zaidi ya watu 300, wazee wakafa wamekaa kwa kukosa hewa, na watu wakaandika majina yao ukutani. Hakuna aliyekuwa anapigana nao mle chini."

Binamu alinyamaza kidogo. Kisha akasema ana rafiki yake ameahidiwa kazi Urusi, ya ulinzi, mshahara mnono, tiketi ya ndege inalipwa na wakala. Nikashtuka. Januari 2023 Serikali ya Tanzania ilithibitisha kifo cha kijana wetu aliyekuwa mwanafunzi Urusi, akafungwa huko, akaingizwa vitani na kundi la Wagner, jeshi la kukodi la Urusi, ili apewe msamaha. Tangu hapo zimezidi habari za vijana wa Afrika, Wakenya wakiwemo, walioahidiwa kazi za kawaida wakajikuta wanatia saini mkataba wa jeshi kwa lugha wasiyoisoma. Nikamweleza yote hayo haraka haraka. Mama wa Kharkiv akauliza tunazungumzia nini, nikamtafsiria. Akaichukua simu mkononi mwangu na kumtazama binamu yangu usoni.

"Mwambie rafiki yako asije," alisema kwa Kipolandi, nami natafsiri pembeni yake. "Mume wangu yuko kwenye handaki la upande wa pili. Atampiga risasi, kwa sababu hatakuwa na namna. Na huyo kijana yeye hatudai sisi kitu, wala sisi hatumdai."

Binamu akasema atampigia rafiki yake jioni hiyohiyo, na akaniomba nimwandikie yale maneno ya mama ili ayasome kama yalivyo.